Nanasi Si Parachichi: Matunda Yanayoivia Nyumbani na Yale Ukishayakata Basi

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa akirudi Nairobi kutoka ushago. Alipofika Thika akaona mananasi yamepangwa vizuri kando ya barabara, bei poa, muuzaji mchangamfu. Akachagua matatu ya kijani kabisa, magumu kama mawe, akijiambia yataiva polepole jikoni. Akalipa kwa simu, akaingia gari, akaenda.

Baada ya siku nane la kwanza lilikuwa bado kali. La pili lilianza kuoza upande wa chini. La tatu hakutaka hata kulikata. Alipotulalamikia wakati wa chai, mwingine wetu aliyelelewa Murang'a akacheka sana. "Nani alikuambia nanasi ni parachichi?"

Tukagundua kwamba wengi wetu, licha ya kula matunda maisha yote, hatukujua tofauti hiyo. Na ni tofauti ya pesa, iwe unanunua ya mia moja sokoni au unauza ya laki moja shambani. Kwa hivyo leo tuongee matunda.

Akiba na "tuma pesa"

Matunda yako makundi mawili. Kundi la kwanza huendelea kuiva hata baada ya kukatwa mtini: ndizi, embe, parachichi, pera, karakara na nyanya (ndiyo, nyanya ni tunda). Kundi la pili, likishakatwa, utamu uliopo ndio huo huo: nanasi, chungwa, limau, tikitimaji, zabibu na stroberi.

Kwa nini? Chukua ndizi mbichi. Ndani yake imejaa wanga. Ikianza kuiva, wanga huo hugeuka sukari. Ni kama mtu mwenye akiba: hata mshahara ukikatika, ana kitu cha kutumia. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake hutoka kwenye majani na kuingia kupitia kikonyo, siku baada ya siku, kama kijana wa chuo anayengoja kutumiwa pesa na mzazi. Ukikata kikonyo, umekata laini. Ukiliweka nyumbani litabadilika rangi na kulainika kidogo, lakini utamu hauongezeki.

Kwa hivyo nanasi na tikiti huchaguliwa sokoni, si jikoni. Nusa nanasi upande wa chini: kama halinukii chochote, liache. Tikiti nalo ligeuze utafute doa pale lilipolalia udongo. Doa la njano ni dalili nzuri. Likiwa jeupe au kijani, huenda lilivunwa mapema.

Parachichi: haliivi likiwa mtini

Hili linashangaza watu. Parachichi, au ovakado kama wengi wetu tunavyosema, halilainiki likiwa mtini. Linakomaa hapo, linaongeza mafuta na kupunguza maji, lakini linabaki gumu mpaka likatwe. Mti wenyewe ni kama stoo ya mkulima.

Ua lake nalo lina mambo. Hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, linafunga, halafu siku inayofuata linafunguka tena likiwa dume. Hass na Fuerte hupishana saa za kufunguka, ndiyo maana wakulima wengi huzichanganya shambani ili nyuki wafanye kazi vizuri. Hass hugeuka rangi ya zambarau iliyokolea ikiiva. Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo usiingoje ibadilike rangi, utakuta imeoza.

Sasa, tatizo linaanzia hapa. Kwa kuwa parachichi changa na lililokomaa yote ni magumu na ya kijani, mtu anaweza kuvuna kabla ya wakati na asijulikane siku hiyo. Tunda changa halilainiki. Hukunjamana na kuwa kama mpira. Likifika soko la nje likiwa hivyo, mnunuzi hamlaumu mtu mmoja, anakumbuka kwamba lilitoka Kenya. Ndiyo sababu Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, imekuwa ikisimamisha uvunaji wa Hass na Fuerte za kusafirishwa kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka, mpaka matunda ya msimu mkubwa yakomae.

Kipindi hicho ndicho broka hupita akiwa na pesa mkononi, na ndicho kipindi cha karo. Tunaelewa vile inavyobana. Lakini kabla ya kuuza mti mzima, fanya jaribio ambalo wakulima wamelifanya miaka mingi: kata matunda mawili matatu, yaweke ndani ya nyumba na ungoje siku kumi hivi. Yakilainika vizuri bila kukunjamana, shamba liko tayari. Yakinywea, ngoja. Tunda lisilokomaa ni jepesi, na bei yake huwa ya huruma.

Ndizi si mti, na moshi si uchawi

Mgomba ni jani juu ya jani. Kile tunachoita shina ni majani yaliyofungana kwa nguvu, hakuna mbao ndani. Kila shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha machipukizi ya pembeni yanachukua zamu.

Wazee wetu walikuwa wakifukia mikungu shimoni na kuingiza moshi, na ndizi zikaiva pamoja. Hawakuwa wakibahatisha. Moshi una gesi inayoitwa ethilini, ambayo ndiyo tunda lenyewe hutoa likianza kuiva. Unaweza kufanya vivyo hivyo leo bila shimo: weka parachichi gumu na ndizi moja iliyoiva ndani ya mfuko wa karatasi, ufunge. Ndizi itaamsha parachichi. Na kama hutaki matunda yako yaive haraka, yatenge na ndizi.

Tahadhari moja. Kuna wafanyabiashara wanaoivisha ndizi na maembe kwa kabaidi, ile ya kuchomelea vyuma. Ni hatari, kwa sababu inaweza kuwa na mabaki ya sumu kama aseniki. Tena haileti utamu kwa tunda lililokatwa changa: ganda linakuwa la njano, ndani bado gumu na halina ladha. Muulize mama mboga wako ndizi zimetoka wapi. Yule unayemzoea hatakuficha.

Embe na mdudu wa 2003

Embe ni la kundi la akiba, mradi liwe limekomaa. Angalia mabega yake, pale karibu na kikonyo: yakiwa yamejaa na kuvimba, litaivia nyumbani. Mabega yakiwa yameteremka, bado ni changa. Kuna Ngowe, refu na la Pwani kabisa. Kuna Apple, mviringo. Halafu Kent na Tommy za kisasa zaidi.

Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa nchini. Huyu hutaga mayai ndani ya embe, na nje huoni kitu ila kadoa kadogo. Hasara ikawa kubwa hivi kwamba mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya, na mauzo yakaanza tena mwaka 2021 baada ya wakulima kujifunza kumdhibiti. Funzo kwa mwenye miembe miwili mitatu ni rahisi: usiache maembe yaliyoanguka yaozee chini ya mti. Yaokote, uyazike kwa kina au uyafunge kwenye mfuko juani. Hapo ndipo kizazi kijacho cha nzi hutoka.

Chungwa la kijani halijachelewa

Machungwa ya Kwale na Kilifi mara nyingi huwa ya kijani hata yakiwa matamu kabisa. Rangi ile ya chungwa huja usiku ukiwa wa baridi, na Pwani baridi hiyo haipo. Kwa hiyo yale ya supamaketi yanayong'aa si lazima yawe matamu kuliko ya kijani ya Kwale. Lipime mkononi: likiwa zito kuliko ulivyotarajia, lina maji mengi. Chungwa halina akiba, kwa hiyo nunua la kula leo.

Na pesa je?

Pesa uliyotuma ni kama nanasi lililokatwa: ukishabonyeza PIN, mambo mengi hayawezi kurekebishwa jikoni. Kwa hivyo:

Ukinunua, kagua tunda kwanza, lipa baadaye. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama muuzaji amekupa namba ya till na jina halilingani na alilokuambia, uliza hapo hapo.

Ukiuza shambani, usiachilie gari liondoke kwa sababu broka amekuonyesha meseji kwenye simu yake, au kwa sababu umepokea meseji inayofanana na yetu. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe, likiongezeka ndipo kreti zipakiwe. Ikiwa mtandao unasumbua, gari lingoje. Matunda magumu hayataharibika kwa nusu saa.

Ukipigiwa simu na mtu anayesema amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Aliyekosea kweli hatakasirika.

Na ukiuza msimu mzima, weka daftari: tarehe, kilo, bei, nani alilipa. Rekodi za simu zinakuonyesha pesa iliyoingia, lakini hazikuambii ilikuwa ya kilo ngapi. Msimu ujao broka akikuambia "mwaka jana nilikupa bei hii hii," utafungua ukurasa na kumwonyesha.

Yule mwenzetu alipita Thika tena wiki mbili baadaye. Safari hii alishuka garini, akainua mananasi manne, akayanusa moja moja mpaka muuzaji akaanza kucheka. Alichukua moja tu. Tulilila ofisini siku hiyo hiyo, na halikubaki hata kipande.