Gari Dogo na Kipimo Chake

Ndugu mwanafunzi, gari la mfano si kitu cha kuchezea tu, bali ni hesabu. Kipimo cha 1:24 maana yake ni kwamba kila sentimita 24 za gari halisi huwa sentimita 1 ya mfano. Gari la mita 4.8 hutoka sentimita 20. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 huwa sentimita 2.5. Ukilikata sentimita 4, gari litafanana na trekta, na rangi nzuri haitaficha kosa hilo. Basi pima kwanza, gawanya, andika, ndipo ukate kadibodi. Nawe unayekusanya, chagua kipimo kimoja, basi lisije likawa dogo kuliko teksi. Haraka haraka haina baraka.