Upya na Uthabiti wa Programu za Kompyuta

Watu wengi hudhani kwamba programu iliyo mpya kuliko zote ndiyo iliyo bora kuliko zote. Debian, mmojawapo wa mifumo ya kompyuta iliyojengwa juu ya Linux, ulioanzishwa mwaka 1993, unaonyesha kwa nini dhana hiyo si kweli daima.

Programu za Debian hutolewa katika vifurushi, na kila kifurushi hupita ngazi tatu. Kwanza huingia katika tawi lisilo thabiti, ambako hutumiwa na kasoro zake kutafutwa. Kikikaa humo siku kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 10, pasipo kuonekana kasoro mpya iliyo kubwa, huhamia katika tawi la majaribio. Kila baada ya miaka miwili hivi tawi hilo husimamishwa, husafishwa, na kutangazwa kuwa toleo thabiti. Toleo la 13 lilitangazwa Agosti 2025.

Katika toleo thabiti programu haibadilishwi ovyo. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, marekebisho yake peke yake hutiwa ndani ya programu ile ile ya zamani, ili utendaji wake usigeuke. Hasara yake ni kwamba programu huzeeka. Tawi la majaribio lina programu mpya zaidi, lakini marekebisho ya usalama huweza kuchelewa kulifikia, kwa kuwa nayo hupitia ngazi ya kwanza.

Tofauti hiyo ilidhihirika Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali kulichukua nusu sekunde hivi zaidi ya kawaida. Alipochunguza, aligundua kwamba katika xz, programu ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mlikuwa mmefichwa mlango wa siri wa wavamizi. Matoleo hayo yalikwisha kufika katika tawi la majaribio. Toleo thabiti, lililokuwa na xz ya zamani, lilisalimika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba matawi mapya hayana maana. Freund aligundua hila hiyo katika kompyuta yenye tawi lisilo thabiti. Pasingekuwa na watumiaji wa namna hiyo, huenda ingelifikia toleo thabiti bila kujulikana.

Basi kompyuta inayohifadhi alama za mitihani yafaa iwe na toleo thabiti. Ile ya mazoezi, isiyo na kumbukumbu za thamani, yaweza kutumia tawi la majaribio, na kila kasoro itakayoonekana iarifiwe kwa watengenezaji.