Uhuru wa Dini na Mpaka Wake



Vijana wangu wa chuoni huniuliza: "Maalim, ikiwa Katiba imetupa uhuru wa dini, vipi Serikali ituwekee mpaka katika ibada?" Swali hili ni zuri, na jawabu yake ina pande mbili.

Kwanza tutazame wajibu wetu. Sayyidna Umar bin Khattab, katika ukhalifa wake, alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh alipata habari kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na Masahaba, akaazimia kurejea Madina. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kuwa anatoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Basi kuhifadhi roho za watu si jambo geni lililoletwa na serikali za leo. Ni katika dini yetu wenyewe.

Pili, tutazame haki yetu. Mpaka nao una mpaka wake. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, jimbo la Niedersachsen huko Ujerumani lilikataza ibada zote za mkusanyiko. Jumuiya moja ya Waislamu, yenye watu kiasi cha 1,300, ilitaka kusali Ijumaa katika Ramadhani. Hawakufanya ghasia, wala hawakusali kwa kujificha. Walitoa ahadi: msikiti unaochukua watu 300 uingie 24 tu, wakae mbalimbali, wafunike pua na midomo. Walipokataliwa wakapanda hadi Mahakama Kuu ya Katiba. Tarehe 29 Aprili 2020 Mahakama hiyo iliamua kuwa haifai kufunga mlango kabisa. Kila ombi litazamwe kwa hali yake, na lisilozidisha hatari laweza kuruhusiwa.

Hapo pana mizani. Katiba yetu ya Tanzania nayo inayo: ibara ya 19 yatupa uhuru wa dini, na ibara ya 30 yasema uhuru wa mtu usivunje haki za wengine wala maslahi ya umma. Lakini neno "maslahi" lisiwe pazia la dhulma. Mpaka ulio wa haki huzuia madhara ya kweli, hauzidi haja, huondoka haja ikiondoka, na huwa sawa kwa msikiti, kanisa na soko.

Enyi vijana, anayemdhuru jirani kwa jina la ibada ameidhulumu ibada yenyewe. Na anayeonewa asinyamaze, wala asivunje. Atoe hoja zake mbele ya wenye mamlaka na mahakimu, kama walivyofanya wale ndugu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na viongozi wetu katika uadilifu. Amin.