Nguruwe wa Kilo 164 Kutoka Kiminini Hadi Kanduyi: Umlipe Nani, na Lini?

Kutuma pesa kutoka Bungoma hadi Kitale ni kazi ya sekunde chache. Kusafirisha nguruwe jike mkubwa kwa njia hiyo hiyo ni kazi ya siku nzima, na kabla ya hapo kuna siku kadhaa za maandalizi. Shida nyingi tunazoletewa na wateja wanaonunua mifugo hutokea katikati hapo: pesa imeshafika, mnyama bado hajafika.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kiminini, karibu na Kitale, ana nguruwe jike ambaye ameshazaa mara mbili. Anataka kumuuza alipe karo. Familia moja karibu na Kanduyi, Bungoma, inataka kuanza ufugaji na imeweka akiba mwaka mzima. Hawajuani. Wameunganishwa na shemeji. Kila upande unaogopa: mama anaogopa kupakia nguruwe asilipwe, nao wanaogopa kulipa wasione nguruwe. Hofu zote mbili zina msingi. Hivi ndivyo tunavyoshauri.

Kwanza, bei iwe na kipimo

Mizani ya nguruwe mkubwa haipatikani kila kijiji, lakini kamba na futi ya fundi cherehani zipo. Pima mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kisha pima urefu wa mgongo kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia. Vipimo viwe kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu zidisha kwa 69.3. Utapata kilo kwa makadirio.

Nguruwe wetu ana mzunguko wa mita 1.3 na urefu wa mita 1.4. Hesabu inatoa kama kilo 164. Tuseme wamekubaliana shilingi 250 kwa kilo: jumla ni 41,000. Bei ya soko lenu inaweza kuwa tofauti, lakini mkishakuwa na kipimo, hakuna mtu atakayeanza kuvutana wakati gari limeshawashwa.

Pili, kibali kabla ya pesa kubwa

Nguruwe hatoki kaunti moja kwenda nyingine hivi hivi. Muuzaji anaenda kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake kuomba kibali cha kusafirisha. Ofisi hiyo kwa kawaida hutaka kujua kwamba daktari wa mifugo wa huko mnyama anakokwenda hana pingamizi. Kwa hivyo mnunuzi naye aanze mapema upande wa Bungoma, asingoje siku ya safari.

Usione kibali kama usumbufu. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na hapa kwetu hakuna chanjo ya kuizuia. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na R. E. Montgomery mwaka 1921, na mpaka leo unarudi Magharibi mwa Kenya mara kwa mara. Hauambukizi binadamu, lakini unaweza kumaliza zizi zima. Unabebwa na nguruwe mgonjwa, nyama yake, mabaki ya chakula, viatu na hata gari. Kama daktari amefunga usafirishaji kwa sababu ya mlipuko, hiyo biashara ingoje. Karo inaweza kulipwa kidogo kidogo, lakini zizi lililokufa halirudi.

Ada ya kibali ilipwe kwa namba rasmi ya ofisi, na udai risiti. Mtu akikwambia umtumie "ya kibali" kwa laini yake binafsi, simama hapo.

Tatu, gawanya malipo

Usitume 41,000 yote kwa mpigo, na usipakie nguruwe bure. Gawanyeni hivi:

1. *Arbuni, 5,000.* Inatumwa baada ya mnunuzi, au mtu wake anayemwamini, kufika shambani na kumwona nguruwe kwa macho. Picha haitoshi. Picha moja inaweza kuuza nguruwe kwa watu kumi.
2. *Wakati wa kupakia, 20,000.* Kibali kipo mkononi, nguruwe yuko ndani ya gari.
3. *Akifika na kushuka kwa miguu yake, 16,000.*

Mwenye gari naye alipwe kwa sehemu. Kama mmepatana 6,000, mpe 2,000 ya mafuta asubuhi na 4,000 akifikisha. Dereva anayesubiri salio lake huendesha taratibu kwenye matuta.

Kabla ya hayo yote, jibuni swali hili: *nguruwe akifia njiani, hasara ni ya nani?* Andikeni kwenye karatasi, muweke sahihi, kila mmoja apige picha. Hakuna jibu moja linalofaa wote. Wengine hukubaliana kwamba muuzaji ahesabiwe hasara mpaka gari lifike, wengine wanagawana. Kosa ni kutolijadili mpaka siku kuna mzoga.

Nne, safari yenyewe

Barabara yenu itapita Kamukuywa, Misikhu na Webuye kabla ya kufika Kanduyi. Si mbali sana kwa gari, lakini ni mbali kwa nguruwe. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza kama sisi, na aliyenona akipigwa na jua ndani ya pikapu anaweza kufa kwa joto. Pakieni kukipambazuka, mfike kabla jua halijakuwa kali. Hapa maji ni muhimu kuliko haraka: anywe kabla ya kutoka, na bebeni mtungi wa kumnyunyizia.

Asubuhi hiyo asilishwe. Nguruwe hutapika garini kama mtoto kwenye matatu.

Msimvute masikio wala mkia, na msimfunge miguu na kumtupa kama gunia. Rudisheni gari nyuma hadi kwenye kingo ya ardhi ili sakafu ilingane na udongo, au tengenezeni daraja la mbao lisiloteleza. Mtu mmoja amsukume pole pole kwa ubao mpana nyuma yake. Ndani mwagieni maranda au nyasi kavu asiteleze. Gari liwe limeoshwa, hasa kama jana lilibeba nguruwe wengine.

Kama ana mimba, hesabuni siku. Nguruwe hubeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, yaani kama siku 114. Aliyekaribia kuzaa abaki kwao.

Akifika Kanduyi, asichanganywe na nguruwe wengine kwa wiki tatu hadi nne. Anayemlisha awe na viatu vya huko peke yake.

Tano, pesa inapopotea njia

Hapa ndipo tunaweza kusaidia, na tuwe wazi pia kuhusu tusichoweza.

*Namba isiyo sahihi.* Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama umekosea, omba kurudishiwa mara moja. Pesa ikiwa bado iko kwa laini ya aliyepokea, tuna nafasi ya kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, hatuwezi kuitoa mfukoni mwake.

*Meseji feki.* Mama, usifungue mlango wa zizi kwa sababu ya meseji. Angalia salio lako mwenyewe. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, lakini salio halidanganyi.

*Mnunuzi anayedai alikosea.* Huyu anatuma, nguruwe anapakiwa, halafu anaomba pesa irudishwe eti alituma kwa bahati mbaya. Ukipigiwa na huduma kwa wateja kuhusu ombi kama hilo, eleza kwamba uliuza mnyama, na uwe na ile karatasi, nakala ya kibali na picha ya upakiaji. Mwenye ushahidi ana la kusema.

*Nguruwe mgonjwa.* Tunaweza kuonyesha pesa ilitoka wapi, ikaenda wapi, saa ngapi. Hatuwezi kuamua kama nguruwe alikuwa mzima. Hilo ni la daktari wa mifugo, na mkishindwana, la chifu au korti. Kwa hivyo msifute meseji za malipo mpaka ile karantini iishe.

Mkifuata hivi, mama wa Kiminini atalala akijua karo ya muhula ipo, na kule Kanduyi watoto watakuwa wanagombania nani ampelekee nguruwe maji. Na kama kawaida: hatutakupigia simu hata siku moja kukuuliza namba yako ya siri. Anayeuliza si sisi.