Viatu vya Mbio za Kinamasini

Watu wengi wasikiapo neno marathoni hufikiri barabara ya lami, saa mkononi, na umbali wa kilomita 42 na ushei. Lakini wako wakimbiaji, hasa katika milima ya kaskazini ya Uingereza na ya Uskoti, ambao kwao neno hilo maana yake ni siku mbili za kupanda na kushuka pasipo njia, wawili wawili, kila jozi imebeba mgongoni hema lake, chakula chake, jiko dogo na mifuko ya kulalia, ikitafuta vituo kwa ramani na dira. Mashindano makongwe ya namna hii yalianza mwaka 1968 kwa jina la Karrimor, watengenezaji wa mikoba, na hata leo, yakiitwa Original Mountain Marathon, huwekwa mwishoni mwa Oktoba, wakati ambapo mchana umefupika, upepo umekuwa mkali, na ardhi imekwisha kushiba maji.

Katika mbio kama hizo hakuna kifaa kinachotaka fikira kuliko kiatu. Na rai yangu ni kwamba mtu atafutaye kiatu cha kumkinga na maji anatafuta kisichokuwako, na lililo aula kwake ni kutafuta kiatu kitakachoyaacha maji yatoke upesi kama yalivyoingia.

Ardhi yenyewe ndiyo hoja ya kwanza. Kinamasi cha milima ile ni udongo mweusi, mwororo, uliofanyika kwa mimea iliyooza nusu tu kwa kukosa hewa, umefunikwa na kuvumwani inayonyonya maji na kuyahifadhi hata baada ya siku kadhaa za jua. Apitaye juu yake mara huzama kifundo, mara goti, asijue hatua ifuatayo itamfikisha wapi. Kitongoji cha Seathwaite, katika bonde la Borrowdale huko kaskazini ya Uingereza, hupata mvua inayozidi milimita 3,000 kwa mwaka, hali Dar es Salaam, ambayo mvua zake twazilalamikia kila masika, hupata takriban 1,100. Katika bonde hilo, Oktoba 2008, mashindano haya yalisimamishwa siku ya kwanza kwa tufani na mafuriko. Vijito vikawa mito, barabara zikafunikwa, na wakimbiaji wengi mno wakalala mlimani ndani ya mahema waliyoyabeba, au mabandani kwa wakulima, au katika majengo ya machimbo ya mawe ya Honister, na kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Mbele ya kijito kinachomfika mtu kiunoni, kiatu chenye utando wa kuzuia maji kina fadhila gani?

Sisemi kwamba utando huo hauna kazi. Mwenye kutembea asubuhi katika nyasi za umande atausifu. Lakini maji ya kinamasini hayana haja ya kupenya kitambaa. Huingia kwa juu, penye mdomo wa kiatu, na yakiisha kuingia, utando ule ule uliokusudiwa kuyazuia nje huyafungia ndani, mkimbiaji akawa anabeba maji kwa miguu yote miwili, kupanda na kushuka, kutwa nzima. Kwa hiyo mnunuzi na akitwae kiatu dukani, akiinue kwenye nuru ya dirisha na kuchungulia ndani: akiona mwanga wapenya kitambaa cha juu na cha ubavuni, ajue kwamba maji nayo yatapata mlango. Kisha na abonyeze ulimi wa kiatu na ukingo wa kisigino, kwa sababu sifongo nene inayokipendeza kidole pale dukani ndiyo itakayokunywa maji na kukataa kuyatema. Ngozi, pamoja na uzuri wake wote, haifai hapa. Hulowa, huwa nzito, na hukawia sana kukauka.

Huenda msomaji wa Uganda akauliza mbona wapagazi na waongozaji wa Rwenzori huvuka kinamasi cha Bigo kwa mabuti ya mpira yafikayo karibu na magoti. Swali ni la haki, na jawabu limo katika mwendo. Mpagazi yule huenda kwa hatua ya kupima, kutoka fundo moja la majani hadi jingine, kwa maarifa ninayoyastahi sana, na buti lake humfaa kwa kuwa hayaachi maji yafike ukingoni. Mwenye kukimbia hana wasaa wa kuchagua kila fundo, na buti likimjaa hana budi aketi, alivue, alimwage, alivae tena, na dimbwi la pili liko mbele yake.

Tukiisha kukubali kwamba mguu utalowa, twaweza kuyaelekeza mawazo panapostahili, yaani kwenye soli. Hapa mafundi wa Uingereza wamefanya kazi kubwa. Norman Walsh, aliyejifunza ushonaji wa viatu katika karakana ya ukoo wa Foster mjini Bolton, alianza kazi yake mwenyewe mwaka 1961, na viatu vyake vyepesi vyenye soli ya meno vikapendwa mno na wakimbiaji wa milimani. Mwaka 2003 Wayne Edy, mzaliwa wa Zimbabwe, alianzisha huko Uingereza kampuni ya inov-8, ambayo ilizoea kuutia uzito wa kiatu, kwa gramu, katika jina lake, kama X-Talon 212. Meno ya kiatu cha kinamasini sharti yawe marefu, milimita 6 hadi 8, na yaachane, kwani yakisongamana tope hujaa baina yake na soli ikawa bapa kama kwamba haikupata kuwa na meno. Aliyewahi kucheza mpira kwa njumu zilizoshiba tope analijua jambo hili barabara.

Ila mlima si tope tupu. Mtu hutoka kinamasini akakanyaga jabali lenye utelezi, na hapo kinachomshika ni ulaini wa mpira wenyewe kuliko urefu wa meno. Na mpira mlaini ung'ang'aniao jiwe huliwa upesi. Mizani hii ni ngumu kuliko zote katika ushonaji wa viatu hivi, na ndiyo iliyowapeleka inov-8 kwa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Manchester, hata mwaka 2018 wakatoa soli ya mpira uliochanganywa na grafini, ili ushike bila kulika haraka. Viko pia viatu vyenye vichwa vya chuma ndani ya meno, vizuri kwa barafu na magogo yaliyolowa. Juu ya jabali tupu mimi nisingevitegemea.

Kiatu na kimkae mtu karibu na ardhi, maana soli nene huongeza hatari ya kuteguka kifundo. Kikamate kisigino na kiganja cha mguu kwa nguvu, vidole vipate nafasi, la sivyo katika mteremko kucha zitageuka nyeusi. Na kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pamoja na soksi zile zile za mlimani. Kamba zifungwe fundo maradufu, kwa kuwa tope zito lina nguvu ya kuvua kiatu mguuni na kukizamisha, na kukitafuta kwa mkono katika maji meusi ni dhiki iliyo kuu.

Soksi ziwe za sufu, ambayo hata ikilowa huhifadhi joto. Pamba hukaa na maji na baridi yake. Mguu upakwe mafuta mazito kabla ya kuondoka, kwani ngozi iliyolainika kwa maji huchubuka na kufanya malengelenge kwa urahisi. Baridi na maji vikishirikiana kwa muda mrefu madhara huwa makubwa zaidi: katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Kiingereza mahandakini walipakwa mafuta ya nyangumi miguuni kwa sababu hiyo hiyo. Jambo lililo muhimu ni usiku wa kambini. Mkimbiaji huvua vyote, hukausha miguu, huvaa soksi kavu alizozihifadhi, na akitaka kutoka hemani huvaa mifuko ya plastiki juu ya soksi hizo ndipo aingize miguu katika viatu vyenye maji. Asubuhi huzivua zile kavu, akavaa zile zile zilizolowa, baridi ikimpanda hadi magotini. Na baada ya mwendo mfupi damu huchangamka, miguu ikapata joto, viatu vikaanza kuyatema maji kwa kila hatua.