Redio ya Wati Elfu Si Lazima Iwe na Sauti Kubwa

Jamaa zetu wa Maskati na Dubai wakitaka kutuma redio nyumbani, swali la kwanza dukani ni moja: wati ngapi? Mimi, mwalimu mstaafu, nasema liko swali bora zaidi.

Nakaa na binti yangu Umbilo, mtaa wa Durban. Mwaka 2023 mgao wa umeme Afrika Kusini ulikuwa mkali kuliko miaka yote. Umeme ukikatwa mara kadhaa kwa siku. Jioni nawasomesha wajukuu Kiswahili, na watoto wa jirani Wakongo huja pia. Tunasikiliza hadithi anazorekodi bibi yao wa Maskati, maana hapa Kiingereza kinawameza. Umeme ukienda tunatumia betri, na betri ilikuwa ikifa hadithi haijesha. Shemeji yangu akataka kutuletea redio ya "wati elfu moja". Nikamwambia, ngoja bwana, tupige hesabu kwanza.

Amplifaya huchukua umeme, sehemu ikapeleka kwenye spika, na uliobaki ukawa joto. Iguse kwa juu: ule moto ndio betri yako inayopotea. Amplifaya nyingi za zamani, hata ukisikiliza kwa sauti ya chini, hula wati 30 au 40 bure bure. Zile za daraja D huwasha na kuzima transista maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Zikifanya kazi kwa nguvu, zaidi ya asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika, na sauti ikiwa ndogo hula kidogo.

Chukua betri ya volti 12, yenye wati-saa 240. Ukitumia nusu tu ili isiharibike, unazo 120. Amplifaya ya wati 40 itaimaliza kwa saa 3. Inayokula wati 10 itakwenda saa 12. Na ikiwa ya volti 12, haihitaji inveta, ambayo nayo hula chake.

Spika nazo si sawa. Ya kawaida ya nyumbani hugeuza kama asilimia moja tu ya umeme kuwa sauti. Tazama desibeli zilizoandikwa, zinazopimwa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zikizidi, unahitaji nusu ya umeme. Kwa hiyo spika ya desibeli 84 inataka umeme mara nne ya ile ya 90 ili sauti zilingane.

Wenzetu wa Unguja waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuambiwa thamani ya betri. Basi ewe unayetuma, muulize muuzaji mambo mawili: spika ina desibeli ngapi, na amplifaya inakula wati ngapi ikiwa kimya? Akikujibu kwa wati elfu tu, mshukuru, kisha nenda duka la pili.