Ukifilisika na Bado Una Ajira: Kodi, Makato na Hela Inayobaki Mkononi

Wiki hii naweka pembeni Gumboro na ukungu wa nyanya. Swali ninaloulizwa sana siku hizi na vijana wa Kinyerezi, Kifuru na Segerea halihusu chanjo, linahusu hela. Linakuja hivi: "Afisa, kundi zima la vifaranga limekwisha, nadaiwa kila kona. Nikitangaza nimefilisika, si kodi na makato kwenye mshahara yanasimama?"

Jibu fupi ni hapana. Kodi haisimami hata mwezi mmoja. Makato mengine yanaweza kupungua au kubadilisha njia, lakini siyo kwa kutangaza tu, na siyo yote. Jibu refu ndilo hili hapa, maana wengi wetu huku tuna mguu mmoja kwenye ajira na mwingine bandani. Kijana anafanya kazi mjini, jioni anarudi kwenye kuku wake mia tano, na banda amelijenga kwa mkopo wa mshahara. Mradi ukianguka, kinachoumia kwanza ni ile salari slipu.

Tuanze na namba. Chukua mtu ameajiriwa kampuni binafsi, mshahara wa msingi shilingi 900,000 na hana posho. NSSF anakatwa asilimia 10, yaani 90,000. Hiyo inatoka kabla ya kodi, kwa hiyo mshahara unaotozwa kodi ni 810,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Ukipiga hesabu ya huyu wetu, PAYE yake ni 80,500.

Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, HESLB inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Mpaka hapo amebakiwa na 594,500. Sasa weka mkopo wa benki aliojengea banda, 250,000 kwa mwezi, anabaki na 344,500. Ongeza marejesho ya SACCOS, 60,000. Mkononi zinaingia 284,500, na hapo hajanunua hata mfuko mmoja wa chakula cha kuku.

Angalia kitu kimoja kwenye hesabu hiyo. PAYE ilikuwa 80,500 kabla ya mikopo na imebaki 80,500 baada ya mikopo. TRA haihesabu kodi kwenye kile kilichobaki. Ingekuwa inahesabu kwenye hizo 284,500, kodi yake ingekuwa shilingi 1,160 tu. Watu wengi wanafikiri hivyo ndivyo inavyokwenda, kwamba nikikatwa sana basi serikali nayo inanionea huruma. Haipo hiyo. Marejesho ya mkopo ni matumizi yako ya mshahara, hata kama hela haipiti mkononi mwako.

Na hasara ya kuku nayo haipunguzi PAYE. Hili linawauma watu kweli nikiwaeleza, kwa sababu kwa akili ya kawaida mtu anaona mwaka huu nimepata mshahara milioni kumi, nimepoteza bandani milioni sita, kwa hiyo kipato changu ni milioni nne. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haioni hivyo. Hasara ya biashara haikatwi kwenye mapato ya ajira. Tena hasara ya kilimo na ufugaji ina uzio wake: unaweza kuibeba kwenda miaka inayofuata, lakini ni kwa kupunguza faida ya kilimo tu, na lazima uwe na kumbukumbu za mauzo na manunuzi. Mfugaji asiye na daftari hana hasara ya kubeba, ana majonzi tu.

Kwa yule asiye na ajira, anayeishi kwa biashara peke yake na kulipa kodi ya makadirio, tatizo ni jingine. Kodi ile inaangalia mauzo, haiangalii faida. Unaweza kuuza kuku Kisutu kwa bei ya hasara mwaka mzima na bado ukadaiwa kodi kwa sababu mauzo yapo. Ila kuna mlango ambao watu hawautumii. Makadirio uliyofanyiwa mwanzoni mwa mwaka yanaweza kurekebishwa. Kuku wamekufa mwezi wa tano? Nenda TRA mwezi huohuo na ushahidi: cheti cha daktari wa mifugo, risiti za vifaranga, picha, barua ya mtendaji. Usipokwenda, awamu zilizobaki zinaendelea kusomeka kama deni na riba juu yake, wakati banda ni tupu.

KUFILISIKA KWA MDOMO NA KUFILISIKA KWA SHERIA

Mtaani tukisema fulani kafilisika tuna maana mtaji umekata. Kisheria mtu hawi mufilisi mpaka Mahakama Kuu itamke hivyo, chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Ni sheria ya zamani, ya enzi za mkoloni, na inaonekana uzee wake ukiisoma. Ombi linaweza kupelekwa na anayekudai au na wewe mwenyewe. Upande wa serikali wanaohusika ni RITA, hawahawa tunaowajua kwa vyeti vya kuzaliwa. Ile herufi ya pili kwenye lugha ya Kiingereza ni ufilisi.

Mahakama ikishatamka, mali yako inahamia kwa msimamizi ili igawiwe wanaokudai. Unabaki na vitu vichache, kama nguo, matandiko na zana za kazi za thamani ndogo. Faida yake ni kwamba wadai wa kawaida hawawezi tena kukuandama mmoja mmoja, kila mtu na dalali wake. Wanaingia kwenye foleni moja. Lakini kwenye foleni hiyo kodi za serikali zinatangulia mbele pamoja na mishahara ya wafanyakazi wako, na yule mwenye dhamana, benki iliyoshika hati au leseni ya makazi yako, hayupo kwenye foleni kabisa. Yeye anakwenda kwenye dhamana yake. Aliyekudhamini naye hapati nafuu. Wewe kuwa mufilisi hakumwondoi kwenye mkataba aliosaini.

Mshahara je? Unaendelea kuupokea, na PAYE inaendelea kukatwa kama kawaida kwa viwango vilevile. Hakuna kiwango cha mufilisi. Kinachobadilika ni kwamba mahakama ina uwezo wa kuamuru sehemu ya mshahara iende kwa msimamizi wa mali kwa ajili ya wadai. Hiyo sehemu inatoka kwenye mshahara ambao kodi imeshaguswa. Kwa maneno mengine unalipa kodi kwenye hela ambayo huioni, kama ilivyokuwa kwenye mkopo wa benki.

Siku utakapoachiliwa na mahakama, madeni mengi ya kawaida yanafutika. Deni linalotokana na makosa ya kodi halifutiki kirahisi hivyo, wala deni ulilolipata kwa udanganyifu. Na kabla hujaachiliwa, kukopa bila kumwambia mkopeshaji kwamba wewe ni mufilisi ni kosa la jinai. Fikiria hiyo kwa mfugaji anayechukua chakula kwa mali kauli kila wiki.

Wenzetu wa Kenya walibadilisha sheria yao mwaka 2015. Kule mufilisi wa kawaida anaachiliwa baada ya miaka mitatu, na yupo mtu mwenye deni la kati ya shilingi zao 100,000 na 4,000,000 asiye na mali yoyote, ambaye ana njia fupi ya miezi 12. Sisi njia fupi kama hiyo hatuna. Ndiyo maana mimi simshauri kijana mwenye deni la milioni tano au nane kukimbilia Mahakama Kuu. Gharama, muda na hilo jina la mufilisi vitakula zaidi ya deni lenyewe. Mwenye deni la mamia ya milioni, huyo akamwone wakili.

KABLA YA MAHAKAMA

Kinachowasaidia wengi ni kujua nani ana haki ya kugusa mshahara na nani hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa kuna sheria inayotaka hivyo, amri ya mahakama, makubaliano ya chama cha wafanyakazi, au wewe umekubali kwa maandishi kwa deni fulani. Kwa hiyo yule wa kausha damu anayempigia simu bosi wako na kumtisha hana nguvu hiyo, labda kama kuna fomu ulisaini bila kusoma. Itafute hiyo fomu.

Kwa watumishi wa umma kuna kanuni ya theluthi moja: makato yote yakijumlishwa, lazima ubaki na angalau theluthi ya mshahara wa msingi. Ukirudi kwa yule wetu wa 900,000, theluthi ni 300,000, na yeye yupo 284,500. Angekuwa mtumishi wa umma, lile kato la mwisho la SACCOS lisingepaswa kupita. Kwenye kampuni binafsi mambo yanategemea mkataba wako wa mkopo, na hapo ndipo vijana wengi wanapobanwa.

Kama kuna mdai ameshakushtaki na kushinda kesi, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inamlinda mkulima kwa kiasi. Zana za kilimo, mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona ni za lazima kwa riziki yako hazikamatwi. Ila ukishaziweka dhamana mwenyewe, kinga hiyo usiitegemee.

Halafu kuna jambo la jina la biashara. Kusajili jina BRELA hakukutenganishi na madeni ya banda. Wewe na "Fulani Poultry" ni mtu mmoja, na deni la chakula cha kuku linaweza kufuata kitanda chako. Kampuni inatenganisha, mpaka pale benki inapokusainisha udhamini binafsi, na karibu kila benki inafanya hivyo.

Kwa anayezama sasa hivi, mpangilio wangu ni huu. TRA kwanza, kwa sababu deni lao ndilo gumu kufutika na wana uwezo wa kumwamuru mtu anayekudai au anayekulipa, hata benki yako, awapelekee wao hela. Omba kulipa kwa awamu, kwa barua, kabla tarehe haijapita. Benki ya pili: omba muda wa mkopo urefushwe ili rejesho lipungue. Kuwa mwangalifu wakikuahidi kukusamehe sehemu ya mkopo wa biashara, maana sheria ya kodi inaweza kuhesabu deni lililofutwa kuwa pato la biashara. Uliza hilo mapema na upate jibu kwa maandishi. HESLB usiwakimbie hata ukiacha kazi. Aliyejiajiri naye anatakiwa kurejesha, na deni linakusubiri.

SACCOS na kikundi viwe vya mwisho kwenye barua lakini vya kwanza kwenye mazungumzo. Pale wanaoumia ni majirani zako.

Anayetaka tukae tupige hesabu yake aje ofisini Jumanne au Alhamisi asubuhi na salari slipu za miezi mitatu, mkataba wa mkopo wenye kurasa zote, na daftari la banda. Asiye na daftari aje na risiti, hata zikiwa kwenye mfuko wa rambo.